Raba Iliyokwisha Kukanyagwa

Nyinyi niliowafunza, mliobaki na kibanda cha viatu pale Silanga, Kibera, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Kilichonitoka ni pumzi, si kumbukumbu. Daktari alisema gundi niliyonusa miaka hii yote imejipatia makao kifuani na haina nia ya kuhama, basi nikaona heri niwaachie visu na sindano, nikae nyumbani nikohoe bila kumkoholea mteja usoni.

Naanza na lile swali. Juzijuzi vijana wa kanisa waliniita ukumbini niwazungumzie habari za kazi. Ukutani walikuwa wamebandika maandishi makubwa: Pata unachopenda, kikulishe. Walinipa kiti cha plastiki na maikrofoni. Msichana mmoja akasimama, mwenye adabu zake, akaniuliza, "Mama, ulijuaje hii ndiyo passion yako?" Nikamwambia sikujua, nilikuwa nauza sukuma. Wakacheka, wakadhani ni mzaha, wakanipigia makofi. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilikuwa nimesema ukweli, lakini nusu tu, na ile nusu nyingine haikuwa ya kusemwa kwa maikrofoni.

Mimi ni Adhiambo, ingawa wengi wenu mnanijua kama Mama Viatu. Nilikuja Nairobi kutoka upande wa ziwa nikafuata mume, mume akafuata mambo yake, na hayo tuyaache. Nikabaki nikiuza sukuma wiki na vitunguu kando ya njia inayoteremka kwenda Nairobi Dam, hapo ambapo wengine wana vishamba na wengine wanauza makaa. Nilikaa juu ya debe, chini kabisa. Muuza mboga anayekaa chini haoni nyuso za watu, anaona magoti na viatu. Nikaanza kuwajua wateja kwa miguu: huyu soli imeliwa upande wa nje, huyu anaburuta kisigino, huyu leo ameazima viatu vya nduguye. Niliangalia miguu kuliko nilivyoangalia mboga, na mboga isiyoangaliwa inanyauka. Biashara yangu ilikuwa mbaya sana.

Jirani yangu alikuwa fundi wa viatu, Mzee Makokha, Mluhya mmoja mkavu, bahili wa maneno na wa kila kitu kingine. Alikuwa amekaa nami ubavuni muda mrefu bila kunisemesha zaidi ya salamu. Siku moja mwanamume alichukua viatu vyake kwa Makokha akaenda zake, nami nikajisemea kwa sauti kwamba huyo atarudi, maana amewekewa kisigino cha kushoto na mguu unaoumia ni wa kulia. Makokha alisikia, akaendelea kugonga msumari. Yule mtu aliporudi kulalamika, Makokha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Mama Sukuma, unaangalia watu miguu ni kama umepoteza shilingi."

"Naangalia tu, Mzee."

"Basi kuja uangalie ukiwa huku. Hiyo sukuma itajiuza."

Haikujiuza. Lakini nilihamisha debe langu likawa ndani ya kibanda chake, na huko ndiko mnakokaa nyinyi leo.

Kazi ya kwanza aliyonipa haikuwa kushona. Alinipa kiatu kikuukuu, akaniambia nikibomoe bila kukata hata uzi mmoja wala kuchana ngozi. Nilidhani ananitania. Nikabomoa, nikachana, akanitupia kingine. Nilibomoa viatu kwa majuma na majuma: kulegeza mshono mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, kuipasha gundi moto kidogo ili iachie, kuivua soli taratibu bila kuirarua. Watu wakipita wanauliza huyu mama anaharibu viatu vya nani. Makokha alikuwa na neno moja tu kwa hilo. "Usichoweza kukibomoa, hukijui." Nilimchukia kidogo siku zile. Nyinyi nami niliwabomolesha viatu, na najua mlinichukia kidogo pia, mko huru.

Sasa, kutia viraka na kubadilisha soli ni kazi ya kila fundi, na haikuwa hiyo iliyonishika. Makokha alikuwa anajulikana kwa kitu kingine. Walimjia watu waliopooza mguu utotoni kwa polio, mguu mmoja ukabaki nyuma ya mwenzake, mwembamba na mfupi. Alikuwa anawashonea kiatu kilichoinuliwa chini, ili mguu mfupi ufike chini pamoja na ule mrefu. Ile nyama ya raba iliyo kati ya soli na unyayo aliiita tofali. Mara ya kwanza nilipoona mtu anaingia pale akichechemea, anavaa, anasimama, kisha anashika mlango na kuuangalia kana kwamba mlango umeshuka, nilimwacha mteja wa vitunguu amesimama nikaenda kumtazama. Niliipenda ile kazi. Sina neno la maana zaidi ya hilo, na nimekuwa na muda wa kulitafuta.

Kupenda hakukunipa akili. Kiatu changu cha kwanza cha aina hiyo kilikuwa cha Otieno, bawabu, jitu refu. Nilimpima vizuri, nikakata tofali lenye urefu wote uliopungua mguuni. Kwa hesabu miguu ilikuwa sawa kabisa. Otieno akavaa, akasimama wima, akapiga hatua mbili na kuangukia mboga zangu. Makokha alicheka mpaka akatoa miwani. Baadaye akanieleza. Mtu aliyeishi maisha yake yote akiinamia upande mmoja, mgongo wake umejijenga kwa huo upande. Ukimnyoosha ghafla unamwangusha. Lazima umwachie upungufu kidogo, ule ambao mwili wake umeshaufanya rafiki. Kiasi gani? Hilo hulioni mtu akiwa ameketi kitini. Inabidi umfuate.

Ndiyo maana mliniona nikifunga kibanda mchana na kuondoka nyuma ya mteja. Si uzururaji. Kila mteja wa kiatu cha tofali nilimfuata kwa miguu mpaka nyumbani kwake, nikitembea nyuma, niangalie anapanda vipi, anaruka mtaro vipi, anabebea wapi mzigo. Kiatu kinachomfaa mtu wa lami kitamuua mtu wa Silanga wakati wa matope. Mwanzo watu waliona haya kufuatwa. Baadaye wakazoea, wengine wakanibebesha na unga.

Jambo lingine ni raba. Mmenisikia nikilirudia mpaka mkachoka, lakini litakuja kuwa na maana huko mbele. Sponji mpya ya dukani ni nzuri kwa macho, ila haijui uzito wa binadamu. Ukimjengea mtu tofali la sponji mpya, miezi michache inashuka, na mtu wako amerudi kuchechemea kwa kiatu alichokiamini. Makokha alitumia patapata kuukuu, zile ndala za raba za kuvalia bafuni. Raba iliyokwisha kukanyagwa na watu imeshashuka ikamaliza, haina mahali pengine pa kwenda. Unazikata, unazibandika moja juu ya nyingine, unazipiga msasa, unazifunika kwa ngozi nyeusi pembeni na tairi chini. Nje ni kiatu cha heshima. Ndani ni kijani, nyekundu, manjano, rangi zote za bafuni, na hakuna anayejua.

Na patapata hizo alitaka mteja azitoe kwake. Nilimuuliza kwa nini, na pale dampo zimejaa. Akasema mtu asimame juu ya vitu vya kwao. Mimi nilijua ni ubahili. Siku hizi sina uhakika.

Nafula alikuja nikiwa nimeshaachiwa kazi hizo peke yangu. Alitoka mtaa wa Kongo, kule Kawangware, akatembea na fimbo mpaka Silanga, na alipofika alikaa kwanza, akanywa maji, ndipo akaongea. Alikuwa anapika chapati asubuhi na kuimba kwaya Jumapili. Sauti anayo, alisema, wala hakusema kwa majivuno. Shida ni kwamba kwaya yao inaingia kanisani kwa hatua, wanacheza kutoka mlangoni mpaka mbele, huku wanaimba. Yeye walimtanguliza kwa benchi, awasubiri. Miaka yote alikuwa anaanza wimbo akiwa ameketi, anawaona wenzake wakija.

"Nataka kuingia na wao," akaniambia. "Hata mara moja tu."

"Mara moja ya nini? Kiatu si sare ya harusi. Utaingia mpaka uchoke."

Nilimfuata nyumbani. Tulipandisha tukatoka Kibera, tukavuka Ngong' Road, tukashuka upande wa Kawangware, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na macho yangu. Hakugeuka hata mara moja. Kila tukifika mahali pa watu wengi alikuwa anauliza tu, "Bado uko?" Nami najibu, "Niko." Tulipofika alinipa chapati, akasema hajawahi kusindikizwa na mtu anayemtazama vibaya namna ile.

Alipokuja tena alileta patapata ndani ya mfuko wa karatasi. Za kwake zilikuwa za kijani. Kulikuwa na za manjano za marehemu mumewe. Kulikuwa na moja nyekundu yenye ua, ya binti yake Mercy aliyekuwa bado anasoma. Halafu chini kabisa ya mfuko kulikuwa na moja ndogo ya bluu.

"Hiyo ni ya Brayo," akasema. Brayo alikuwa mtoto wake mdogo, na homa ilikuwa imemchukua kabla hajamaliza madarasa ya chini. "Unaweza kuitumia ama ni ndogo?"

Niliishika. Ilikuwa na alama ya vidole vitano, vimekaa vizuri kama kwenye udongo. Nikamwambia ni ndogo kweli, itatosha kisigino tu.

"Kisigino kinatosha," akasema.

Niliiweka kisiginoni, tabaka la juu kabisa, pale ambapo mtu anaegemeza uzito wake anaposimama. Nilikishona kile kiatu kwa uangalifu ambao sikuwahi kuwa nao tena. Nilimwachia upungufu wake, kidogo tu, kulingana na mgongo wake nilivyouona njiani. Makokha alikigeuza, akakipinda, akakinusa, akakirudisha mezani bila kunitaka nikibomoe. Kutoka kwake hiyo ilikuwa sherehe.

Jumapili iliyofuata nilienda Kawangware. Mimi kanisa ninalijua lakini halinijui sana. Nilisimama nyuma kabisa. Kwaya ikaingia, mstari wa pili, mkono wa kushoto, Nafula bila fimbo. Hatua zake zilichelewa kidogo nyuma ya za wenzake, kidogo sana, mtu asiyejua asingeona. Mimi niliona, na nililia mpaka mama wa kando yangu akanipa leso akafikiri nimefiwa. Mkitaka kujua kazi hii ililipa nini, ililipa hiyo. Baada ya hapo sijui niwaeleze nini kuhusu mafanikio.

Makokha alikufa akiwa usingizini, kimya kama alivyoishi. Aliniachia kile chuma cha miguu mitatu cha kugongea misumari, mnacho hapo, msikiweke nje mvua inaponyesha. Nikaendelea. Kiatu cha Nafula nilikitengeneza upya mara nyingi. Ngozi ilibadilishwa, tairi likabadilishwa, kamba hata sizitaji. Tofali lilibaki lile lile. Kila nilipokifungua nilizikuta rangi zake zimekaa, wala hazikushuka.

Lakini wateja wa namna yake walikuwa wanapungua. Watoto wanapata chanjo, miguu inakua pamoja, na mimi ninashukuru, nani asingeshukuru? Tatizo ni kwamba waliobaki walikuwa wanazeeka wote kwa wakati mmoja. Unamtarajia mtu arudi kubadilisha soli, harudi, unauliza, unaambiwa walimsafirisha nyumbani kuzikwa mwezi uliopita. Otieno akaenda. Wengine wakaenda. Kuna asubuhi nilikuwa nafungua kibanda na kukaa, na wanaokuja wanataka kubandikiwa viatu vya mitumba. Hakuna anayekuambia mambo haya unapotafuta unachopenda. Nilipenda kazi pamoja na watu wake, na watu wake walikuwa wanaisha. Nililala na hilo kifuani pamoja na gundi.

Nafula alikuja mara ya mwisho akiwa amekonda, Mercy amemshika mkono. Mercy sasa alikuwa mama mzima, na watoto wake. Kiatu hakikuwa na shida yoyote. Nafula alimtuma Mercy akatafute soda, na alipoondoka akaniambia ugonjwa wake hauponi, na ana ombi.

"Nataka nizikwe nacho."

Nikamwambia aache maneno hayo.

"Siyaachi. Nikilazwa kwa sanduku, mguu mmoja utafika na mmoja hautafika. Na siku ile ya kufufuka sitaki kuinuka nikichechemea."

"Si Mungu atakuponya mguu huko?"

"Huu mguu alinipa Mungu. Kile kiatu ulinipa wewe. Kwa nini nimsumbue na kazi ambayo ulishamaliza?"

Tulicheka, halafu hatukucheka. Nikaahidi. Nilijua ninachoahidi, maana hata kwetu ziwani mtu hazikwi na viatu. Wazee wanasema ukimvika marehemu viatu umempa ruhusa ya kutembea, na atatembea arudi nyumbani, na hatarudi kwa wema. Nilimuahidi hivyo hivyo. Mtu anayekufa anakuomba kitu ambacho umekitengeneza mwenyewe, utamwambia nini?

Alifariki baada ya msimu wa mvua. Mercy alinijia kibandani mchana, macho yamevimba, na kiatu kimefungwa kwa leso. Mwili ulikuwa mochari, kesho yake asubuhi ungetolewa na kusafirishwa kwenda kwao magharibi. Mercy alikuwa amepeleka nguo za kumvika mama yake pamoja na kiatu, na shemeji wa marehemu, Mzee Barasa, kaka mkubwa wa mumewe, ambaye ndiye aliyekuja kutoka nyumbani kusimamia, alikuwa amerudisha kiatu.

"Baba mkubwa amekataa kabisa," Mercy akasema. "Nimemwambia ni mama alisema. Anasema mama alikuwa mgonjwa."

Nilifunga kibanda. Tukaenda Kongo kwa njia ile ile, Mercy mbele, mimi nyuma na pumzi zangu fupi. Nyumbani kwa Nafula watu walikuwa wamejaa, wanawake uani wakimenya viazi, wanaume wakiongea juu ya gari na mafuta ya gari. Mzee Barasa alinipa kiti chake mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mkali, nikakuta mzee mpole, amechoka, kola ya shati imelegea shingoni. Alinishukuru kwa yote niliyomfanyia shemeji yake. Hilo lilinivunja nguvu kabla hata sijafungua mdomo.

"Mama," akaniambia, "wewe si mgeni. Kwenu mnazika mtu na viatu?"

Nilitaka kudanganya. "Hapana."

"Akizikwa na kiatu, na si viwili, ni kimoja, nyumbani watasema nini? Mtoto yeyote akiugua mwaka huu, watasema ni Nafula anatembea. Watamtaja vibaya mpaka wasahau kuwa aliimba. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi nifanye nini?"

Mzee hakuwa na kosa. Nilitoka nikakaa uani na wale wamama wa viazi, kiatu mapajani. Nilikuwa nimeahidi, na nilikuwa nimeshindwa, na asubuhi mwili ulikuwa unaondoka. Nilijisikia vibaya sana. Mkono wangu, kwa mazoea tu, ulikuwa umeshatoa sindano mfukoni. Mnajua nisipokuwa na la kufanya huwa nachokonoa mshono. Nikachokonoa mmoja. Ukaachia. Nikachokonoa wa pili, na hapo ndipo nikaona ninachofanya, na sikuacha.

Nilikibomoa. Nilianza na ngozi ya juu, mshono kwa mshono, bila kukata. Nikaomba jiko la makaa lililokuwa hapo, nikapasha gundi moto, nikalivua tairi. Nikavua ngozi ile ya pembeni. Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi lakini vidole viliona. Wamama waliacha kumenya. Kilichobaki mkononi kilikuwa tofali peke yake, na sidhani mtu yeyote wa nyumba ile alikuwa amewahi kuliona: kijani, manjano, nyekundu, na bluu juu kisiginoni.

Mercy alichuchumaa mbele yangu. "Hii nyekundu ni yangu," akasema. "Nilikuwa na patapata yenye ua, ikapotea moja. Nilipigwa kwa sababu ya hiyo." Kisha akaona bluu. Alikaa chini pale pale, kwenye maganda ya viazi, akalia kama mtoto.

Mzee Barasa alisikia kilio akatoka. Nilimpa tofali. Akaligeuza, akalibonyeza.

"Kiatu kiko wapi?"

"Hakuna kiatu tena, Mzee. Nimekibomoa. Hii ni raba tu ya nyumba hii. Yake, ya ndugu yako, ya Mercy."

"Na hii ndogo?"

"Ya Brayo."

Aliweka kidole gumba juu ya ile bluu, akakiacha hapo. Yeye ndiye aliyembeba Brayo kwenda kumzika, Mercy aliniambia baadaye. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayejaribu neno kwanza mdomoni, "Kichwa huwa tunakiwekea mto. Sijawahi kusikia mtu akikatazwa mto wa mguu."

Akanirudishia tofali akaingia ndani kupanga habari za gari.

Asubuhi tuliingia mochari, Mercy na mimi na mama mmoja wa kwaya. Nafula alikuwa amevaa sare ya kwaya, miguu mitupu kama inavyotakiwa. Mguu mrefu ulikuwa unagusa ubao wa mwisho wa sanduku. Mfupi ulikuwa umeishia njiani. Nilichukua tofali nikalikaza kati ya unyayo na ubao, kisigino kwenye bluu. Mama wa kwaya akainama kuangalia, akasema bado kuna kanafasi kadogo, nilisukume zaidi. Nikamwambia hapana, hako ni kake, nilimwachia tangu mwanzo. Wakafunika.

Sikuweza kusafiri nao, kifua kisingekubali. Nilisimama pale gari lilipoondoka, kisha nikarudi Silanga na ngozi ya kiatu ndani ya mfuko wa koti, laini, haina kitu ndani. Mnaijua. Ndiyo ile imening'inia msumarini juu ya chuma cha Makokha, na mmeshaniuliza mara mbili kama mnaweza kuitumia kwa viraka. Jibu ni lile lile.

Baada ya hapo sijashona kiatu kingine cha tofali. Hakuna aliyekuja, na angekuja ningemwambia aje kwenu. Yule msichana wa ukumbini aliniuliza nilijuaje. Mkimwona, mwambieni nilichelewa kujua. Nilijua siku ile uani, nikiwa ninabomoa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na sikukata hata uzi mmoja. Halafu mwambieni kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho, na kwamba ilimtosha mwenye kiatu.